Nguzo Nambari Nne

Nguzo nambari nne ilikuwa imenyooka mno. Hilo ndilo lililomfanya Inspekta asimame mbele yake kimya, huku Koplo nyuma yake akikung'uta mchanga kutoka kwenye kiatu na kunung'unika.

"Afande, ni nguzo ya chuma. Imesimama. Si ndiyo kazi yake?"

"Nipe uzi."

Koplo akatoa uzi kwenye mkoba wa vielelezo. Inspekta akafunga ufunguo wa gari kwenye ncha yake, akauning'iniza kando ya nguzo, akasubiri ufunguo uache kuyumba. Uzi na chuma vikaenda sambamba kutoka juu hadi chini, bila hata upenyo wa kupitisha unyasi. Akaenda kwenye nguzo nambari tano, hatua ishirini kulia, akafanya vilevile. Jibu likawa lilelile.

"Hizi zilisimikwa miaka minane iliyopita," alisema. "Kwenye mchanga unaohama kila upepo ukivuma. Moja ingeinama. Zote mbili zingeinama."

Mbele yao palikuwa na pengo. Siku tisa kabla, saa tisa alasiri, maji yakiwa yamejaa na dhoruba ikiyasukuma, bahari ilikuwa imelikata tuta la mchanga na kuingia mtaani. Ilibomoa nyumba saba. Iliua watu watatu: ndugu wawili wa shule ya msingi waliojifungia chumbani, na mama mmoja mgonjwa wa miguu aliyekutwa bado yuko kitandani. Nguzo nambari moja, mbili na tatu zilikwenda na maji.

Idara ya pwani ilikuwa na ripoti iliyotiwa saini miezi minne tu kabla ya siku hiyo. Kutoka nguzoni hadi ukingo wa tuta: mita thelathini. Hali: salama. Kwa hiyo kuna mtu alidanganya, na Kamanda alimkabidhi Inspekta faili ambalo jina la mdanganyifu lilishaandikwa kwenye jalada. Mpimaji wa idara. Kazi iliyobaki ilikuwa kujaza karatasi za katikati.

Kabla ya kuja upelelezi, Inspekta alikuwa amekaa miaka kumi na moja kitengo cha ajali za barabarani. Huko alijifunza jambo moja ambalo halikumtoka: madereva husogeza magari kabla polisi hawajafika, kwa hiyo hupimi kutoka kwenye gari. Unapima kutoka kwenye kitu ambacho hakuna anayeweza kukisogeza. Akafungua daftari la kwanza la mpimaji, la mwaka ule nguzo ziliposimikwa.

"Nambari nne. Kutoka kona ya nyumba ya pampu, mita arobaini na sentimita ishirini. Shika utepe."

Koplo akarudi nyuma na utepe hadi kwenye nyumba ya pampu, kijumba cha matofali kilichokuwepo hata kabla ya mtaa wenyewe. Akasoma. Akafuta jasho machoni, akasoma tena.

"Ishirini na sita na nusu, afande."

"Nyumba ya pampu imetembea?"

"Hapana."

"Basi aliyetembea ni nani?"

Koplo akaitazama nguzo kama mtu aliyetukanwa na kitu kisicho na mdomo.

Inspekta akapiga hesabu nyuma ya daftari. Tuta lilikuwa likirudi nyuma mwaka hadi mwaka, likiukaribia mtaa. Na kila liliporudi, mtu alikuja, akaing'oa nguzo, akairudisha nyuma kiasi kilekile. Mpimaji akija na utepe wake, anakuta thelathini. Mwaka unaofuata, thelathini na moja. Bila ule mkono, ripoti ya mwisho ingesema kumi na sita. Na kanuni ya idara, ambayo kila mkazi wa pale aliijua kwa moyo, ilisema ukingo ukifika chini ya mita ishirini, mtaa mzima unahamishwa.

"Chimba," alisema.

Koplo alichimba kwa koleo na kwa matusi. Kitako cha nguzo kilipotoka, Inspekta alipiga magoti. Chini kabisa kulikuwa na zege la idara: kokoto, vipande vya kombe, limemwagwa ndani ya kopo la rangi na kuachwa hivyohivyo. Juu yake kulikuwa na zege jingine, laini, la mchanga uliochekechwa. Tena halikuwa moja. Yalikuwa magamba matatu, moja juu ya jingine, kila moja na rangi yake ya saruji. Uso wa juu ulisawazishwa kwa mwiko, ukainamishwa kidogo ili maji yasituame, na pembeni ukazungushiwa mistari miwili myembamba.

"Mara tatu," Inspekta alisema. "Amekuja mara tatu."

"Mhalifu gani huyu anayepiga nakshi mahali pa kufukia?" Koplo aliuliza.

Inspekta alilipiga picha zege lile kutoka pande nne, akabandika namba.

*

Koplo alikuwa na mtu wake. Alimleta kituoni adhuhuri, na hakuficha furaha. Mtu mwenyewe aliitwa Tipa, kwa sababu ya lori lake, na kila mtu pwani ile alijua kwamba anauza mchanga ambao hakuuliza ni wa nani. Ingetangazwa kwamba tuta linakwisha, wa kwanza kufukuzwa ufukweni angekuwa yeye.

Inspekta aliweka kipande cha zege mezani, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Unakijua hiki?"

Tipa akakigeuza mkononi. "Zege."

"Lilikuwa kwenye kitako cha nguzo ya serikali."

"Afande, mimi mchanga nauchukua. Nikikataa hapa hata huyu Koplo atacheka, kajenga kwao kwa mchanga wangu." Koplo akaangalia dirisha. "Lakini fikiria. Nguzo ikinikera, naigonga na lori, naenda zangu. Mtu wa kuing'oa polepole, akachekecha mchanga, akauosha kwa maji baridi ukatoka chumvi, halafu akarudi siku tatu kulimwagilia... mimi nina muda huo?"

"Umejuaje kwamba lilimwagiliwa?"

"Tafuta ufa." Akamsukumia. "Zege la juani lisipomwagiliwa, linapasuka. Hili halina hata mstari. Aliyefanya hivi hajui kufanya kazi mbovu. Hata akitaka, mkono unamkatalia."

Inspekta akamwambia Koplo amrudishie Tipa simu yake na funguo zake.

"Afande, tunamwachia?"

"Lori lake lilikamatwa na trafiki miaka mitatu iliyopita, likakaa yadi miezi mitano. Gamba la pili ni la wakati huo, vipimo vya daftari vinaonyesha. Nimeangalia rejista ya trafiki kabla hujamleta."

"Sasa ulinikubalia nimlete kwa nini?"

"Nilitaka mtu wa kunisomea zege."

*

Mpimaji alikuwa amesimamishwa kazi. Walimkuta nyumbani kwake, kwenye chumba ambacho ukuta mmoja mzima ulikuwa picha za tuta, mwaka mmoja kando ya mwingine. Alikuwa mtu mwembamba, shingo imeungua jua. Mkewe aliwawekea maji, akabaki amesimama mlangoni, mikono kifuani, kama mlinzi.

"Ulijua nguzo zinahamishwa?" Inspekta aliuliza kabla hajaketi.

Mpimaji hakuzunguka. "Nilijua miaka miwili iliyopita."

"Kwa vipi?"

"Tuta halisimami mahali pamoja. Pwani hii yote linarudi nyuma, kila mwaka. Hapo tu ndipo lilikuwa limegoma. Nikaona, ama hapa kuna muujiza, ama kuna mtu." Alionyesha ukutani. "Angalia. Hapa nyasi zimeshika hadi chini. Zile nyasi ndizo zinazojenga tuta, afande. Upepo unaleta mchanga, majani yanaukamata, mizizi inaufunga. Dhoruba ikija inakula mguu wa tuta, halafu majani yanaanza tena. Zamani lilikuwa linapata miaka minne, mitano ya kupona."

"Na sasa?"

"Mwaka jana dhoruba tatu. Kabla ya hapo, mvua zilikatika misimu miwili mfululizo, nyasi zikakauka zimesimama. Bahari nayo imepanda, maji ya chumvi yanaingia kwenye mizizi kwa chini. Tuta likishindwa mbele, linarudi nyuma. Ndivyo linavyojiokoa. Lakini nyuma kuna mtaa. Limebanwa. Linabaki kupungua tu, hadi linakuwa kama ukuta wa biskuti."

"Ulipojua, ulifanya nini?"

"Nilimwandikia Mkuu wa idara. Niliomba nipime upya kutoka nyumba ya pampu. Siku mbili na msaidizi mmoja, basi. Sikujibiwa."

"Lakini uliendelea kutia saini. Thelathini. Thelathini na moja. Thelathini."

"Fomu ina kisanduku kimoja. 'Umbali kutoka nguzoni hadi ukingoni.' Kutoka nguzoni, ilikuwa thelathini. Sikuandika uongo."

"Wakazi uliwaambia?"

Mkewe pale mlangoni ndiye aliyejibu, bila kumtazama. "Nilimwambia awaambie."

"Taarifa kwa umma inatolewa na Mkuu," mpimaji alisema. "Ningefukuzwa kazi."

"Na sasa je?" mkewe aliuliza.

Inspekta aliandika maneno yale yote, na ya mke pia, akampa mpimaji asome na kutia saini. Alitia. Saini ilitoka ndogo, haikufanana na zile za kwenye ripoti.

*

Mkuu wa idara alikuwa na ofisi yenye zulia na kikombe kilichoandikwa jina la kongamano fulani. Alimpokea Inspekta kwa mikono miwili.

"Barua? Mama, ingekuwa imefika mezani kwangu, ningechukua hatua siku hiyohiyo."

"Basi haikufika."

"Haikufika kabisa."

"Sawa. Naomba rejista ya barua zinazoingia. Ya miaka miwili iliyopita."

Tabasamu halikuondoka, lakini liliacha kufanya kazi. Karani wa masjala, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alileta daftari kubwa. Alikuwa amelifungua tayari kwenye ukurasa wenyewe. Alilaza kidole kwenye mstari, akaondoka zake. Tarehe, jina la mpimaji, "Kuhusu kuhama kwa nguzo", imepelekwa kwa Mkuu. Kando yake kulikuwa na namba ya faili. Inspekta akaomba faili.

Barua ilikuwemo. Chini ya barua kulikuwa na karatasi nyingine, ya zamani zaidi, ya miaka sita na nusu iliyopita. Aliisoma ikamwingia polepole. Ilikuwa waraka wa ndani, nusu ukurasa. Ulisema kwamba kanuni ya mita ishirini *imesitishwa hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo*, kwa kuwa *hakuna eneo lililoandaliwa la kupokea wakazi*. Nakala: hakuna. Tangazo kwa umma: *si lazima*.

"Huu ni wako?"

"Ni wa mtangulizi wangu. Mimi nimeurithi."

"Kwa hiyo hata nguzo ingesoma kumi na sita, hata ingesoma tano, hakuna ambaye angehamishwa."

"Inspekta, kaa basi." Mkuu akavua miwani, na kwa mara ya kwanza akaonekana mtu aliyechoka. "Ningetangaza, wangeniuliza tuhamie wapi. Ningewajibu nini? Unawaambia watu elfu moja kwamba bahari inakuja, halafu huna hata kiwanja kimoja cha kuwapa? Kukaa kimya kulikuwa na huruma yake."

"Watu watatu," Inspekta alisema. Akaweka waraka ule na barua kwenye mfuko, akauandikia namba, akamtaka asaini kwamba umechukuliwa.

Alikuwa bado hajafika kwenye gari simu ilipoita. Kamanda.

"Nasikia umetoka idarani."

"Habari zinakimbia, mkuu."

"Sikiliza. Una mpimaji aliyekiri kwamba alijua. Una mtu aliyezihamisha, ukimpata. Hao wanatosha. Huo waraka ni mambo ya kiutawala. Hakuna mlalamikaji dhidi ya idara, kwa hiyo hauna mahali pa kukaa kwenye jalada letu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mkuu."

"Urudishe."

Simu ikakatika. Koplo, aliyesikia kila neno kwa sababu Kamanda hakuwahi kujua kuongea kwa upole, aliwasha gari. "Tunageuza, afande?"

"Twende mtaani."

*

Mtaa ulikuwa bado unanuka tope na magodoro yaliyooza. Penye bomba la maji la pamoja, akina mama walikuwa wamepanga ndoo. Inspekta alisimama kwenye foleni nao, si kwa sababu ya kiu. Alikuwa anatazama kizimba cha bomba. Uso wa zege lake uliinama kidogo ili maji yasituame. Pembeni ulizungushiwa mistari miwili myembamba. Mlango wa duka la pili ulikuwa na kizingiti cha namna hiyohiyo, na ngazi za kwenye zahanati pia.

"Kazi nzuri," alimwambia mama aliyekuwa mbele yake. "Ya nani?"

"Ya Timazi, nani mwingine? Mtaa huu chochote kilichonyooka ni cha Timazi." Mama akainua ndoo, akasita. "Maskini, kazi zake zote zimebaki. Nyumba yake ndiyo ya kwanza kwenda, na mkewe ndani."

Koplo akamtazama Inspekta. Inspekta akafunga macho kidogo, akayafungua.

"Yuko wapi?"

"Shuleni. Waliobomolewa wote wako shuleni."

*

Walimkuta kwenye darasa la mwisho. Madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani, mikeka imetandikwa. Mzee Timazi, fundi mwashi wa miaka sitini na kitu, alikuwa amechuchumaa mlangoni akiziba ufa wa sakafu kwa kijiko, kwa sababu mwiko wake ulikwenda na nyumba. Binti yake, mshonaji wa sare za shule aliyekuwa akiishi upande wa pili wa mji, alikuwa anakunja nguo za msaada.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alitazama mfuko wa nailoni mkononi mwa Inspekta, akaona kilichomo. Akaweka kijiko chini. "Umelikuta."

"Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Kaa kwenye dawati, hiyo sakafu ina unyevu."

Binti akaacha kukunja nguo. "Baba, ni nini hicho?"

"Nilizihamisha mimi," Timazi alimwambia Inspekta, kama anayetaja vipimo vya chumba. "Zote tano. Mara tatu. Ya kwanza miaka sita iliyopita, mwezi wa pili. Nilikuwa nafanya asubuhi na mapema, Jumapili, watu wakidhani nachimba mfereji. Nazirudisha kiasi tuta lilichorudi, sizidishi hata shubiri."

"Kwa nini?"

"Tulishahamishwa mara moja. Barabara ilipita kwetu. Tukaambiwa viwanja vipo. Tulikaa miaka mitatu chini ya maturubai, mwanangu. Mtoto wetu wa kwanza alifia pale, kwa kuhara. Mke wangu, mama wa huyu binti, akasema, mimi sihami tena, nikihama tena ni kaburini. Halafu miguu ikamkatalia. Ningembeba nimpeleke kwenye turubai lipi?"

"Uliona tuta linaisha."

"Niliona. Mimi ni fundi, najua ukuta unaotaka kuanguka. Mwanzo niliona. Baadaye ripoti ikawa inakuja, ina muhuri wa serikali, inasema thelathini. Inabandikwa pale kwenye zahanati. Nikawa naisoma kama wengine. Mwaka wa kwanza, wa pili. Ukisoma kitu chenye muhuri kila mwaka... nilianza kuona labda kweli."

"Mama alikuwa anakuuliza," binti alisema.

Sauti yake haikupanda, lakini watu wa kwenye mikeka waligeuka.

"Kila nikija kumwogesha nasikia anakuuliza. 'Mume wangu, tuta bado linatosha?' Na wewe unamjibu, thelathini, mke wangu. Mita thelathini, lala."

"Nilitaka alale."

"Mimi nina chumba! Kidogo, kina cherehani katikati, lakini kiko juu, mlimani. Ningejua ni kumi na sita, ningekuja na mkokoteni nikamchukua, apende asipende. Nani aliyekwambia ni turubai au hapa? Uliniuliza?"

Timazi alichukua kijiko, akakiweka tena palepale.

Siku ile bahari ilipoingia, kwa maelezo ya majirani yaliyokuwa kwenye faili la Inspekta, mzee alikuwa mjini anapiga lipu ukuta wa mtu. Aliona mawingu, akamuuliza mwenye nyumba kama anaweza kumaliza kesho. Kisha akaendelea, kwa sababu lipu ilikuwa imeshachanganywa.

Inspekta aliandika maelezo ya mzee, kurasa nne. Alimsomea neno kwa neno. Alipofika mahali palipoandikwa *nilifanya hivyo ili mita zisipungue ishirini tukahamishwa*, Timazi aliinua mkono.

"Hapo. Nina swali. Ningeziacha, wangetupeleka wapi? Safari hii walikuwa wametuandalia mahali?"

Koplo akakohoa. Ilikuwa kazi ya mpelelezi kuuliza, si kujibu, na hakuna kanuni iliyomtaka Inspekta aseme chochote. Alikaa na kalamu mkononi. Angeweza kusema hajui.

"Hakukuwa na mahali," alisema. "Na hakukuwa na kuhamishwa. Ile kanuni ya mita ishirini waliifuta kimyakimya, miezi michache kabla hujaigusa nguzo ya kwanza. Hakuna aliyetangaziwa."

Midomo ya mzee ilikuwa ikitembea, kama mtu anayehesabu matofali.

"Kwa hiyo nilikuwa namficha nani?"

Akafuta saruji vidoleni.

"Mpimaji angepata kumi na sita," alisema taratibu. "Angeibandika zahanati. Watu wangeiona. Wenye pa kwenda wangekwenda." Akamtazama binti yake, kisha akaangalia pembeni upesi kama aliyeungua. "Niandikie upya hapo. Toa hayo maneno ya kuhamishwa. Hakuna aliyekuwa anatuhamisha."

"Siwezi kuyatoa, mzee. Ndivyo ulivyoamini."

"Ndivyo nilivyoamini," alirudia. Akachukua kalamu. Alitia saini kurasa zote nne, kila moja mahali palepale, mistari imenyooka. Kisha akanyoosha mikono mbele ya Koplo, na Koplo, ambaye alikuwa na pingu kiunoni, alisema hazihitajiki, akamshika kiwiko tu na kumwongoza hadi kwenye gari.

Mlangoni mzee aligeuka. "Usikanyage hapo," alimwambia binti yake, akionyesha ule ufa. "Hapajakauka."

Binti alisubiri hatua zao zipotee, akatoka kwenye nguo za msaada, akaja kusimama mbele ya dawati la Inspekta. Alikuwa halii. Uso ulikuwa umekauka kama kitambaa kilichopigwa pasi.

"Huyo aliyefuta kanuni akanyamaza. Naye utamkamata?"

"Hakuna mlalamikaji dhidi yake," Inspekta alisema. Kisha akaongeza, akichagua maneno, "Akitokea mlalamikaji, lazima jalada lifunguliwe na lipewe namba. Likishapewa namba, hata Kamanda hawezi kulifunga kwa mdomo. Na kuna karatasi ambayo itapata mahali pa kukaa."

"Mlalamikaji anatakiwa awe nani?"

"Mtu yeyote aliyefiwa."

Binti akavuta dawati, akaketi. Akafuta viganja vyake kwenye gauni.

"Basi andika. Nalalamika dhidi ya idara, na mkuu wake wa sasa, na yule aliyepita."

Inspekta akatoa fomu mpya. Alikuwa ameshaandika tarehe binti aliponyoosha mkono na kuufunika ule mstari wa kwanza uliokuwa bado mtupu.

"Ngoja. Wa kwanza siyo huyo," alisema. "Anza na baba."